Kikuku na Keria

Niliulizia farasi Shieywe. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, kwenye steji ya bodaboda, na vijana waliokuwa wamelalia usukani wa pikipiki zao wakanyamaza kwa mpigo kama watu waliotajiwa deni.

"Farasi ya nini, madam?"

"Ya kupanda. Nizunguke vijijini, nirudi hapa hapa."

Wakatazamana. Mmoja akanionea huruma. "Farasi hakuna. Ng'ombe wako."

Dada yangu, aliyeolewa huku, nilimwambia mpango huu usiku uliotangulia akacheka mpaka akakaa chini. Lakini mimi nina daftari. Lina jalada gumu na kazi yake ni moja tu, kuandikwa safari za mviringo. Sharti lake jepesi: unaanzia mahali, unapanda mnyama, unazunguka mashambani, unarudi ulipoanzia bila kukanyaga njia moja mara mbili. Mpaka nafika Kakamega nilikuwa na safari mbili humo, ya Bale kule Ethiopia na ya Tigoni, juu ya Limuru. Kurasa zilizobaki ni nyeupe, na mimi kurasa nyeupe hazinipi usingizi.

Ukiambiwa Shieywe usitarajie kijiji cha mbali. Ni wadi ya Lurambi, imeegemea mji wa Kakamega wenyewe. Unatoka kwenye maduka ya simu, unatembea kidogo tu, na tayari kuna mahindi, migomba, ng'ombe mmoja kafungwa kamba mguuni, na mbuzi anayekukagua kama askari wa kaunti anavyomkagua mchuuzi. Mji na shamba havijaachana. Kwa mtu anayetaka kuzunguka mashambani ni mahali pazuri mno. Kilichokosekana ni mnyama tu.

Sababu ya kukosekana kwake nilipewa barazani usiku ule wa Ijumaa. Shemeji yangu alistaafu idara ya mifugo, na mtu wa mifugo akistaafu hubaki na maneno mengi na wagonjwa wachache. Alinyoosha kidole kwenye taa.

"Unawaona hawa?"

Nikaona vumbi linalocheza. Nikatazama vizuri, lilikuwa na mabawa. Usubi.

"Farasi anauawa na hawa."

Ugonjwa wenyewe unaitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ni virusi, na wanaovieneza ni usubi, wadudu wadogo kuliko mbu ambao hutoka jua likizama na kuuma mpaka alfajiri. Farasi asiyechanjwa akiupata, mapafu yake hujaa maji, povu humtoka puani, na mara nyingi hamalizi wiki. Katika mlipuko mbaya hufa hata tisa kati ya kumi. Punda na pundamilia huumwa na wadudu walewale wakaendelea kutafuna majani yao. Ndiyo sababu wafugaji wa farasi katika nchi hizi walijifunza kumfungia mnyama bandani kabla ya magharibi na kutomtoa mpaka umande ukauke. Hapo hujataja mbung'o wa ukanda wa ziwa, wala mvua ya Kakamega, inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Chanjo ipo siku hizi. "Lakini chanjo humfuata farasi," shemeji akasema, "haimtangulii. Nani atamnunulia chanjo mnyama asiye na kazi?"

Ukipanda upande wa Nandi kuelekea Eldoret, habari inabadilika. Makaburu waliingia uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 kwa magari ya kukokotwa na maksai, farasi wakiwa miongoni mwa mifugo yao, na baridi ya kule juu ikawa kinga kidogo. Farasi alikwama juu ya ngazi, basi. Hakuteremka kuja kwa Waluhya.

Nililala nikiwaza methali. Punda katika Kiswahili amejaa tele: ana mateke ya shukrani, ana kigongo, akifa mzigo wake hutua, na wengine wanataka afe ili mzigo ufike. Farasi ninayemkumbuka ni yule wa kupasua watu msamba, na hata huyo si mmoja, ni wawili. Si ajabu. Kwetu pwani farasi alishuka jahazini akaishia kwenye ua wa mfalme. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 jinsi watoto wa jumba walivyofundishwa kupanda. Walikuwepo farasi wa Arabuni, na walikuwepo punda weupe wa Maskati waliothaminiwa sana. Huko nje ya ua, vichochoroni, alipita punda wa kawaida, na Lamu anapita mpaka leo, halafu sherehe zikija anashindanishwa mbio. Kwa hiyo mimi, Mmombasa, nilipopanda farasi mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima na nilikuwa Ethiopia.

Ukurasa wa Bale una madoa ya matope, na ndivyo inavyostahili. Tuliondokea Dinsho, yaliko makao ya hifadhi ya taifa, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, mahali ambapo asubuhi unavaa kila ulichobeba. Ethiopia ina farasi wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na kwa Waoromo wa nyanda za juu farasi si mapambo ya tajiri: anabeba nafaka sokoni, anambeba bibi harusi, anampeleka mzee mazishini. Wangu alikuwa mdogo, rangi ya chai ya rangi, mgongoni ametandikwa mablanketi juu ya tandiko la mbao. Alikwenda mwendo wa hatua, basi. Nilipojaribu kumtia matiti alinigeuzia sikio moja, akasikiliza ombi langu mpaka mwisho, akakataa.

Bondeni kwa Weyib ndipo nilipoelewa kwa nini hakutaka. Ardhi yote ni matundu. Kuna fuko mkubwa anayeishi Bale peke yake. Huchimba, huchungulia, huzama. Mbweha mwekundu wa Habeshi, yule adimu, anaishi kwa kumwinda. Farasi anayekimbia hapo anavunja mguu, na farasi wangu alilijua hilo kuliko mimi niliyelipa. Alinusa kila hatua. Njiani tulipishana na mzee aliyepanda peku, kikuku chake kikiwa pete ndogo ya chuma inayoingia kidole gumba tu, si wayo mzima. Kidole kimoja kinashika uzito wa mwili wote. Nilikitazama mpaka nikaona haya.

Lakini kilichobaki kwangu Bale ni kijana aliyetusindikiza. Farasi alikuwa wa kwao, na yeye alitembea kwa miguu tangu asubuhi hadi alasiri, mbele ya kichwa cha mnyama, hatamu begani. Mimi juu, yeye chini. Nikimsemesha inabidi ageuze shingo na kuinua uso kama mtu anayeangalia saa ya mnara. Mara mbili niliomba kushuka nitembee naye, mara mbili akakataa. Mgeni akitembea, wanakijiji watasema farasi wao ni mbovu. Nikakaa. Mzunguko ulikamilika, mandhari niliyaona yote, na mazungumzo tuliyofanya siku nzima yangetosha nyuma ya stempu.

Tigoni sina mengi ya kusema. Chai ilianza kupandwa Limuru mwaka 1903 na inaonekana hawakuacha nafasi ya kitu kingine. Unapita katikati ya kijani kibichi kilichonyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Farasi aliitwa Biskuti. Kofia ya chuma ilinukia jasho la mtu aliyenitangulia. Kulikuwa na saisi, kulikuwa na fomu ya kutia sahihi kwamba nikianguka ni shauri yangu, kulikuwa na farasi watano kwenye mstari, pua ya huyu mkiani mwa yule, na mzunguko wa saa moja uliopimwa kwa saa ya mkononi. Nusu ya njia Biskuti aliona majani mazuri kandokando akasimama kula. Akala robo saa. Nilivuta hatamu, nikambembeleza, nikamsomea Bismillahi, wapi. Tuliporudi wenye farasi walinitoza ile robo saa kama nyongeza. Niliuliza, "Mbona alikuwa amesimama?" Nikajibiwa kwamba muda ni muda. Nililipa. Niliandika bei ile kwa kalamu nyekundu.

Sasa turudi steji. Vijana walipoona nimeng'ang'ana, mmoja aliinua kidevu kuelekea mti uliokuwa ng'ambo ya barabara. "Kama unataka kitu cha polepole, mwone Kuka."

Kuka kwa Kiluhya ni babu. Alikuwa ameketi kwenye kigogo, baiskeli yake imeegeshwa mbele yake, na jinsi alivyoigeukia kila baada ya muda ungedhani itasogea yenyewe. Black Mamba, ile nzito. Juu ya keria kiti cha sponji kilichovikwa raksini nyekundu, pembe zake zimepigwa misumari ya vichwa vya shaba, na kutoka kila upande zinaning'inia nyuzi nyuzi kama za pazia la sebule. Kwenye spoku za magurudumu amepanga shanga za plastiki, nyekundu, njano, nyekundu, njano. Breki ya nyuma ilikufa zamani. Pale inapopaswa kuwa amefunga kipande cha mpira wa tairi, na akitaka kusimama kweli anabandika kisigino cha ndara kwenye gurudumu. Nilikumbuka farasi wa sikukuu wa Waoromo, na vishada vyao vyekundu usoni. Mkono uliopamba vitu hivi ni mkono mmoja.

Bodaboda ilianza hivi, kwa baiskeli, kule mpakani Busia katika miaka ya 1960, watu wakivushwa kutoka upande mmoja hadi wa pili na jina likazaliwa hapohapo kutokana na neno la mpaka. Magharibi yote ikaenea. Mpaka miaka ya karibuni mtu wa Kakamega alikwenda hospitali, sokoni, hata posa, kwenye keria. Halafu serikali ikaondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, na pikipiki za Wahindi na Wachina zikamaliza kazi. Kuka amebaki na wateja wa aina tatu, alinieleza: akina mama wenye mayai, wazee wanaoogopa mwendo, na watu wa kanisa lake.

"Na wewe ni wa ngapi?"

"Wa nne. Nataka kuzunguka."

"Kuzunguka kwenda wapi?"

"Kurudi hapa."

Alifikiri. Kwa mtu anayeishi kwa kupeleka watu mahali, hili lilikuwa swali zito. Tukapanga njia: Ilesi, Khayega, Shinyalu, kisha tukunje kwa barabara ya vumbi ya ndani inayorudi mjini. Bei akasema tutasemezana tukifika. Mswahili huogopa sana bei isiyotajwa, lakini nilikuwa nimeshapanda.

Na neno ni hilo, kupanda. Farasi tunampanda, baiskeli tunaipanda, na kulia kushoto kwetu watu walikuwa wameinama wakipanda mahindi, maana ulikuwa mwezi wa tatu na mvua ilishaonja ardhi. Nilimwambia Kuka kwamba leo Shieywe nzima inapanda. Hakucheka. Alisema mbolea imepanda pia.

Nilikuwa nimevaa dera, kwa hiyo nilikaa upande. Bale nilivaa suruali nikatanua miguu kama mwanaume, jioni nikalipa kwa mapaja. Huku hakuna mama anayetanua miguu kwenye keria. Anakaa upande, magoti pamoja, mkono mmoja kwenye chuma cha chini ya kiti cha dereva, mwingine umeshika mtoto au kuku. Nilidhani ni ushamba wetu mpaka nikakumbuka kwamba Malkia Elizabeth wa Uingereza alikuwa akikagua gwaride la siku ya kuzaliwa kwake akiwa juu ya farasi kwa mtindo huohuo wa upande, mpaka mwaka 1986. Tofauti yetu ni kwamba yeye alitengenezewa tandiko maalumu. Faida ya kukaa upande ni hii: unaona upande mmoja wa dunia tu, lakini unauona mpaka ndani. Kwenda, niliona milango. Chungu jikoni, mtoto anayeoshwa masikio, kalenda ya chama cha akiba ukutani. Juu ya farasi niliona mapaa.

Ilesi tulisimama kwa wafinyanzi. Vyungu vinapangwa kandokando ya barabara kuu ya Kisumu, vikubwa vya maji nyuma, vidogo vya mboga mbele. Mama mmoja alikuwa akimalizia mdomo wa chungu kwa kipande cha ngozi kilicholowa. Hakuwa na gurudumu la kufinyangia. Chungu kilikaa, na yeye ndiye aliyekizunguka, kinyumenyume, ameinama, hatua ndogo ndogo, ngozi haiondoki mdomoni. Nilihesabu mizunguko sita. Nikamwambia Kuka, "Huyo naye anasafiri duara." Kuka akasema huyo anazunguka hivyo tangu akiwa binti na hajalipwa hata nauli.

Jiwe linalolia liko papo hapo, juu ya mwinuko: mwamba ulioinuka kama mita 40, na kichwani umewekewa jiwe la mviringo, kama mtu aliyebeba mzigo. Wenyeji huliita Ikhongo Murwi. Maji hutiririka kwenye mfereji wa shingo yake, na wasimulizi wanasema ni machozi ya msichana aliyekatazwa na baba yake kumpenda aliyempenda. Siku ile jiwe lilikuwa linalia kidogo tu, kwikwi. Kuka alibaki chini na baiskeli. "Nimeliona," alisema.

Halafu mlima ukaja, na hapo ndipo Bale na Kakamega zilipoachana kabisa.

Kuka alipunguza, akabandika kisigino, akasema bila kugeuka, "Mama, teremka."

Hilo ndilo sharti la keria: mteremko tunapanda sote, mlima tunatembea sote. Alisukuma baiskeli kwa usukani, mimi nikasukuma kwa kiti, bega kwa bega, na akaanza kuzungumza kama mtu aliyefunguliwa mfereji. Watoto saba. Mmoja dereva wa trela, mmoja yuko Qatar, mmoja mwalimu, "wengine wapo." Ardhi ya baba yake iligawanywa mara tatu na sasa kipande chake kinamalizwa kwa kutupa jiwe. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,867,579 katika kaunti hii, zaidi ya 600 kwa kila kilomita ya mraba, na ukitembea unaziona hizo takwimu: ua wa mimea, nyumba, ua, nyumba, kaburi, ua. Hakuna mahali farasi angetia shoti bila kuangusha kamba ya nguo ya mtu. Njia tuliyopita yenyewe ilikuwa mpaka wa mashamba mawili, pana kiasi cha magurudumu mawili yaliyofuatana.

Alinionyesha kwa kidevu vijana waliobeba sululu. Dhahabu. Mwaka 1931 ilipogunduliwa, wazungu walimiminika Kakamega, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaibadilisha sheria iliyokuwa imetungwa 1930 kulinda ardhi ya wenyeji, ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa fidia ya pesa bila kutoa ardhi nyingine. Mgodi mkubwa wa Rosterman, upande wa pili wa mji, ulifungwa mwaka 1952. Watu wa Isukha na Idakho hawajafunga. Wanachimba bado kwa mikono. "Baba alisema," Kuka akaniambia akihema, "mzungu akikuuliza njia, muulize kwanza anarudi lini."

Tukafika kileleni, akaipangusa raksini kwa kiganja, nikapanda. Nikawa nimeelewa kwa nini kijana wa Bale sikumjua jina la mama yake ilhali wa Kuka nilikuwa nimeshaambiwa na alivyofariki.

Kabla ya Shinyalu tulisikia ngoma. Kuka alitoka barabarani kabisa, akaingiza baiskeli kwenye mahindi machanga ya watu, akasimama. "Tungoje. Huyu hapishwi kwa kengele."

Alikuwa fahali. Jumamosi asubuhi huku kuna michezo ya mafahali, na mapema, kabla jua halijakuwa kali, wanapambanishwa uwanjani pembe kwa pembe. Anayegeuza mgongo ameshindwa, na mambo yameisha. Huyu alikuwa anarudi kwao, na kwa jinsi watu walivyokuwa wanaruka hakuwa amegeuza mgongo. Mweusi, nundu kubwa, ubavu una michubuko miwili na udongo mwekundu hadi machoni. Mbele yake vijana wakikimbia kinyumenyume wakimwimbia. Isukuti tatu zikilia: kubwa ya baba, ya kati ya mama, ndogo ya mtoto. Ngoma ya isukuti ya Isukha na Idakho UNESCO iliiandika mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Asubuhi ile hakuna aliyeonekana kuhitaji kuokolewa isipokuwa mimi, kwani fahali alisimama mita tatu kutoka kwenye dera langu la maua na akalifikiria.

Mtu mfupi mwenye fimbo akamgusa shingoni kwa vidole viwili tu. Akaendelea na safari yake.

Kuka alinieleza wakishapita. Fahali wa mchezo hafungwi jembe. Hakokoti kitu. Analishwa majani ya kuchaguliwa na molasi, anapewa jina la mbabe, mwanasiasa au mchezaji mpira, na mwenye naye hulala akimsikiliza anavyopumua. Niliandika pale pale, daftari juu ya kiti chekundu. Farasi wa Bale ana kazi mbili, kubeba mtu na kumpa heshima. Kakamega waliona kazi hizo si lazima zifanywe na mmoja: ya kubeba wakaipa baiskeli, ya heshima wakampa fahali, na juu ya fahali hapandi mtu. Binadamu ndiye anayetembea kwa miguu mbele yake, kinyumenyume, akiimba. Biskuti wa Tigoni sikujua nimweke wapi. Nilimwacha.

Shinyalu tulikunywa chai kwenye kibanda, na mandazi ya jana. Kutoka pale msitu unauona upande wa mashariki, mstari mweusi chini ya anga. Ni kipande cha mwisho mashariki cha misitu ile ya mvua ya Kongo na Gini, na siku mbili kabla nilikuwa nimetembezwa Isecheno na kijana aliyejua ndege kwa sauti kama mimi ninavyojua jirani kwa kikohozi. Nilitaka tuupitie. Kuka alitazama juu ya msitu, si msitu wenyewe. "Saa nane itakuwa hapa," alisema. Ilikuwa saa sita na robo, na anga ya bluu.

Njia ya kurudi ni ya udongo mwekundu, inashuka kwenye vijito na kupanda, inashuka na kupanda. Nilishuka kwenye keria mara nne. Watu walimsalimu Kuka kila baada ya ua mmoja, mulembe, mulembe, naye akinitambulisha kwa kila mmoja wao: huyu ni mgeni, anazunguka. Bibi mmoja aliuliza ninazunguka kitu gani. Kuka akasema hata yeye anangoja kuona. Mama aliyebeba kuku wawili, vichwa chini, akatembea nasi mlima mzima akinisimulia jinsi ya kupika kuku mpaka ugali ujute kuisha; alipofika kwake akaingia bila kuaga, akarudi mbio na ndizi tatu.

Ukiwa juu ya farasi huletewi ndizi. Hakuna anayeweza kukufikia.

Saa nane kasoro dakika tano upepo uligeuka, ukaja na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Migomba ikaonyesha matumbo. Kuka alikanyaga pedali kwa nguvu ambazo sikudhani bado anazo. Huo ndio mwendo pekee wa siku ile unaoweza kuitwa matiti. Tuliingia chini ya baraza ya duka la kwanza la Shieywe tone la kwanza likigonga bati, halafu bati lote likanguruma, mvua ya mawe, punje kama mbaazi zikirukaruka barabarani, na watoto wa duka wakatoka na sufuria kuziokota.

Kuka hakujifuta. Alivua fulana yake ya juu akafunika kiti chekundu kwanza.

Mvua ilipopungua, steji ya asubuhi ikaonekana ng'ambo, ileile, na kigogo chake kinavuja maji. Nikatoa pochi. Nilikuwa nimejitayarishia bei ya Tigoni.

Kuka alihesabu kwa vidole, akitaja njia. Shieywe mpaka Ilesi. Ilesi mpaka chini ya mlima. Akaruka. Juu ya mlima mpaka pale pa fahali. Pale tuliposimama hakuhesabu. Shinyalu mpaka kijito cha kwanza, akaruka, kijito cha kwanza mpaka cha pili, akaruka. Jumla aliyonitajia ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilidhani sijasikia kwa sababu ya bati.

"Na milima, Kuka?"

"Milima ulipanda mwenyewe."